Kupima sumaku ya umeme nyumbani kwa simu: Namba hizo zina maana gani?

MTU anayepakua programu ya bure ya kupima "mionzi" katika simu yake, kisha akaiwasha usiku akiwa kitandani, huenda asipate usingizi. Kioo kitamwonyesha namba inayozidi 30, pengine ikiambatana na rangi nyekundu na mlio wa tahadhari, na mbele ya namba hiyo pameandikwa kizio kiitwacho maikrotesla.

Akiendelea kutafuta habari atasoma kwamba wanasayansi waliwahi kuhusisha kiwango cha maikrotesla 0.4 tu na saratani ya damu kwa watoto. Hesabu ya haraka itamwambia kwamba chumba anacholala na wanawe kimevuka kiwango hicho mara 80.

Namba zote mbili ni za kweli, lakini hesabu hiyo haina maana yoyote. Ni sawa na kulinganisha uzito wa gunia na uzito wa mzigo uliomo ndani ya gunia la jirani.

Namba ya kwanza ni ya dunia yenyewe. Sayari hii ni sumaku kubwa, na uga wake wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku husikika, hufikia kati ya maikrotesla 25 na 65 juu ya uso wa nchi kutegemea mahali. Karibu na ncha za dunia uga huo ni mkubwa. Hapa Afrika Mashariki, jirani na ikweta, ni maikrotesla 33 hivi. Ndio unaogeuza sindano ya dira, na binadamu ameishi ndani yake tangu alipokuwapo.

Simu nyingi za kisasa zina kihisi kidogo kinachopima uga huo ili ramani ijue upande wa kaskazini uko wapi. Programu za bure hazifanyi zaidi ya kusoma kihisi hicho cha dira na kuipamba namba yake kwa rangi za kutisha.

Jambo hili ni rahisi kulithibitisha. Zima mainswichi ya nyumba nzima, kisha itazame programu hiyo. Namba itabaki pale pale, ingawa hakuna umeme hata chembe ndani ya nyaya. Sasa isogeze simu kwenye nondo za dirisha au kitanda cha chuma, na namba itapanda. Chuma kinaupinda uga wa dunia, nacho chenyewe huwa na usumaku kidogo. Wapo waliowahi kuhamisha vitanda kwa sababu hiyo, na hawakuwa wakikimbia kitu chochote isipokuwa nondo.

Namba ya pili, ile ya 0.4, inahusu kitu kingine kabisa. Umeme unaofika majumbani Tanzania na Kenya hugeuka mwelekeo mfululizo, mizunguko 50 kila sekunde. Marekani ni 60. Uga wa sumaku unaozunguka waya wenye umeme huo nao hugeuka kwa kasi hiyo hiyo. Ni uga huu unaocheza, si ule wa dunia uliotulia, ambao watafiti wamekuwa wakiuchunguza kwa zaidi ya miaka 40.

Kihisi cha dira hakikuumbwa kwa kazi hiyo. Kwa kawaida husoma mara 100 hivi kwa sekunde au pungufu, wakati uga wa umeme unakwenda na kurudi mara 50 katika muda huo huo. Matokeo yake ni kama yale ya feni inayopigwa picha ya video: panga huonekana limesimama, au hata linarudi kinyumenyume, ilhali linazunguka kwa kasi. Kihisi kinaweza kushindwa kuuonyesha uga huo hata mbele ya transfoma inayovuma.

Hapo ndipo palipozaliwa wazo la kidude cha kuchomeka kwenye simu. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika waya uliosokotwa. Basi ukichukua koili ya waya mwembamba wa shaba na kuiunganisha na tundu la spika za masikioni, kwenye njia inayopokea sauti ya maikrofoni, simu "itausikia" umeme wa ukutani kama mvumo mzito. Njia ya sauti husoma mara 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo mizunguko 50 haiipigi chenga hata kidogo. Programu inachobakiza ni kupima ukubwa wa mvumo huo.

Kidude kilichojulikana sana katika kundi hili kiliitwa Lapka, kazi ya kikundi kilichoongozwa na Mrusi Vadik Marmeladov. Kilitangazwa mwaka 2012 kwa ajili ya simu za iPhone, kikiwa seti ya vipande vinne vya plastiki nyeupe na mbao: kimoja cha mionzi ya nyuklia, kimoja cha sumakuumeme, kimoja cha unyevu na kimoja cha kuchoma kwenye matunda na mboga kuangalia mabaki ya nitreti. Seti nzima iliuzwa kwa dola 220 hivi za Marekani. Vilikuwa vizuri mno kwa sura, na wakosoaji walisema hadharani kwamba vinafaa zaidi kama mapambo kuliko vyombo vya maabara. Mwaka 2015 kampuni ya Airbnb iliinunua Lapka.

Mwaka uliofuata, iPhone 7 ilitoka bila tundu la spika za masikioni, na kampuni nyingine zikafuata mkumbo. Vidude vya leo huunganishwa kwa waya wa USB au kwa Bluetooth, na vilivyo bora hubeba kihisi na akili yake yote ndani, simu ikibaki kuwa kioo tu.

Kwa yeyote anayefikiria kununua, yapo mambo matatu ambayo wauzaji hawayasemi kwa sauti kubwa. Kwanza, koili moja hupima upande mmoja tu. Ukiigeuza, namba hubadilika, ndiyo maana vipimo vya heshima huwa na koili tatu zinazoelekea pande tatu. Pili, kidude kinachotegemea njia ya maikrofoni hutofautiana kutoka simu moja hadi nyingine, kwa kuwa simu hazipokei sauti za chini kwa usawa. Tatu, vifaa vingi vya Kimarekani huandika miligausi badala ya maikrotesla, na miligausi 10 ni sawa na maikrotesla 1. Aliyeona "4" na kushtuka huenda ameona 0.4 tu. Aidha, simu yenyewe hutoa mawimbi ya redio, hivyo ni vyema kuzima mawasiliano yake kabla ya kupima.

Tuseme kifaa ni kizuri. Kitaonyesha nini?

Vipimo vya mamlaka ya Ujerumani ya kinga dhidi ya mionzi vya mwaka 1999, ambavyo Shirika la Afya Duniani (WHO) limevitumia kufahamisha umma, vinaonyesha kwamba kikaushia nywele kinaweza kutoa kati ya maikrotesla 6 na 2,000 kikiwa sentimita 3 kutoka mwilini. Kwenye sentimita 30 hushuka hadi 7 au chini yake, na kwenye mita 1 hubaki 0.03 au pungufu. Pasi hutoa 8 hadi 30 ikiwa karibu kabisa, na 0.3 au chini yake kwenye sentimita 30. Jokofu, ambalo wengi huliogopa kwa kuwa linavuma usiku kucha, halizidi 0.25 kwenye sentimita 30.

Umbali, kwa maneno mengine, ndio dawa, na haiuzwi dukani. Ukuta si kinga: uga wa sumaku wa umeme hupita kwenye tofali kana kwamba halipo. Kwa hiyo kinachostahili kuangaliwa ni kile kilicho nyuma ya ukuta wa kichwani pa kitanda, si kile kilicho upande wa pili wa chumba.

Kikomo cha kimataifa kinachopendekezwa na tume ya wataalamu ya ICNIRP kwa umeme wa mizunguko 50 kilikuwa maikrotesla 100 tangu mwaka 1998, na mwaka 2010 kiliongezwa kuwa 200. Kimewekwa ili kuzuia mishipa ya fahamu kushtuliwa na umeme unaozalishwa mwilini, jambo ambalo hakuna chumba cha kulala kinacholikaribia.

Vipi basi ile 0.4? Chanzo chake ni jiji la Denver, Marekani. Mwaka 1979, Nancy Wertheimer na Ed Leeper walichapisha utafiti uliodai kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wameishi mara nyingi zaidi karibu na nyaya nene za umeme wa barabarani. Hawakupima uga ndani ya nyumba hizo. Walizitazama nyaya kutoka nje na kuzipanga kwa makundi. Wengi waliwabeza, lakini swali halikufa.

Mwaka 2000, uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi kadhaa ulionyesha kwamba watoto wachache walioishi katika nyumba zenye wastani wa maikrotesla 0.4 au zaidi walipata saratani ya damu kwa takriban mara mbili ya wenzao. Mwaka uliofuata shirika la WHO la utafiti wa saratani, IARC, likauweka uga huo katika kundi la 2B, la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Ni kundi la mashaka, si la hukumu.

Mwaka 2007 WHO ilipitia ushahidi wote na kusema kwamba hautoshi kuthibitisha kuwa uga ndio chanzo. Iliongeza kwamba hata kama ndio, ungehusika na wagonjwa kati ya 100 na 2,400 kwa mwaka duniani kote, kati ya watoto wapya 49,000 waliokadiriwa kupata saratani ya damu mwaka 2000. Hadi leo hakuna aliyeonyesha ni kwa njia gani uga dhaifu namna hiyo ungeharibu chembe hai.

Mzazi anapaswa kulielewa neno "wastani" hapo juu. Tafiti ziliangalia kiwango cha mchana na usiku, miezi na miaka. Kumpitisha mtoto mbele ya oveni ya maikrowevu hakumo katika hesabu hiyo.

Mawimbi ya redio ya simu na minara ni sura nyingine, na koili ya mizunguko 50 haiyaoni kamwe. IARC iliyaweka nayo katika kundi la 2B mwaka 2011. Mwaka 2024 mapitio yaliyoagizwa na WHO, yaliyochambua tafiti 63, hayakupata uhusiano kati ya matumizi ya simu na saratani ya ubongo. Kwa Tanzania, usimamizi wa mionzi ya aina zote mbili uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC).

Hofu, hata hivyo, ni biashara. Mwaka 2020 Uingereza iliuziwa kidude cha USB kwa zaidi ya pauni 300 kama kinga ya 5G. Waliokifungua walikuta kifaa cha kawaida cha kuhifadhia mafaili. Lililo baya zaidi lilitokea Uholanzi Desemba 2021, pale mamlaka ya usalama wa nyuklia ilipowaonya raia waache kuvaa mikufu na vitu vingine vya "kujikinga na mionzi", kwa kuwa vyenyewe vilikuwa vinatoa mionzi ya nyuklia.

Je, kifaa cha kupima hakina faida yoyote? Kinayo, ila si ile inayoandikwa kwenye boksi. Kinaweza kufichua kazi mbovu ya fundi umeme.

Katika waya uliotandazwa vizuri, umeme huenda kwa waya wa moto na kurudi kwa waya wa nyutro uliolala ubavuni mwake. Nyuga zao zinapingana na kufutana, na hatua chache tu kutoka ukutani kipimo hurudi karibu na sifuri. Lakini fundi akiazima nyutro ya sakiti nyingine, jambo linalotokea sana kwenye swichi za ngazi, au umeme ukavuja na kurudi kupitia bomba la maji, uga unakosa mwenzake wa kuufuta. Pasi yenye kutumia ampea 5 ikirudisha umeme wake kwa njia isiyo yake itaacha maikrotesla 1 umbali wa mita 1 kutoka kwenye waya, hata kama pasi yenyewe iko chumba kingine.

Kwa hiyo namba inayobaki juu katikati ya chumba, mbali na kifaa chochote, ni habari. Zima sakiti moja moja kwenye mainswichi uone ni ipi inayoishusha. Ikibaki juu hata baada ya kuzima zote, umeme huo ni wa jirani au wa waya wa barabarani. Bomba linalopitisha umeme linaweza kumpiga shoti anayeoga, na nyutro ya kuazima inaweza kumuua fundi anayeamini kwamba sakiti aliyoizima imekufa. Hatari hizo hazihitaji miaka 40 ya utafiti.

Fundi aliyesomea kazi yake atakuja na ampmita ya kubana, ataibana juu ya waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, na atatarajia kusoma sifuri. Asiposoma sifuri, hapo ndipo pa kuanza kufukua ukuta.