Ramani ya Baridi

Mtu wa pwani aliyezoea kuhesabu majira kwa kusi na kaskazi, akihamia Marekani na kutamani bustani, hukuta kwenye kibandiko cha mche dukani tarakimu na herufi, mathalan 5a, wala asitambue kwamba hiyo ndiyo hukumu ya uhai wa mche huo wakati wa baridi. Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo, iliyotoa ramani yake ya kwanza mwaka 1960, imeigawa ardhi yote katika kanda 13 zinazopishana kwa digrii 10 za Farenhaiti, na kila kanda ikakatwa nusu mbili, a na b. Kadiri tarakimu ipunguavyo, ndivyo baridi izidivyo. Kipimo chenyewe ni wastani wa usiku ulio mkali kuliko wote katika kila mwaka, na toleo la 2023 limetazama miaka 30, tangu 1991 hadi 2020.

Wastani, nasema, si kikomo. Tena ramani haineni habari ya joto la kiangazi, wala ya maji yatuamayo mizizini. Na theluji, ambayo mgeni huidhani adui, huifunika mizizi mithili ya blanketi. Maskini ni mche wa chunguni, ambao baridi huuingia ubavuni, hata mwenye kukaa kanda ya 5 hufanya busara kuchagua wa kanda ya 3. Ama mchaichai wetu, huo huingizwa ndani, karibu na dirisha lenye jua, kabla ya jalidi la kwanza.