Homa ya Maziwa Mabichi: Jinsi Kiini Chake Kilivyopata Jina

Leo tutazungumza jinsi wataalamu wanavyotambua kiini kipya cha ugonjwa kutoka kwa mnyama na kukipa jina. Huenda ukauliza, hayo yanakuhusu nini wewe uliye jikoni na sufuria ya maziwa? Yanakuhusu sana.

Mwaka wa 1887, katika kisiwa cha Malta, David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alichunguza wengu za wanajeshi waliokufa kwa homa ya muda mrefu. Kwa hadubini akaona viini vidogo mno. Hakuridhika na kuviona tu. Alivikuza katika maabara, kisha akawadunga tumbili, nao wakashikwa na homa. Hapo ndipo alipojua amempata mhalifu.

Lakini vilitoka wapi? Mnamo 1905 daktari wa huko huko Malta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi walioonekana wazima kabisa, wa kukamuliwa kila siku. Kumbe wao ndio waliovibeba, na vilikuwa vikitoka hata katika maziwa! Mwaka uliofuata wanajeshi walikatazwa maziwa hayo, na homa ikapungua upesi.

Kumbuka kwamba huko Denmark, mwaka wa 1897, Bernhard Bang alikuwa amegundua kiini kinachofanya ng'ombe watupe mimba. Kile cha Malta kilielezwa kuwa cha mviringo, hiki cha Bang kuwa kama kijiti. Basi vikawekwa katika koo mbali mbali, na watu wakaendelea kuamini kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe hayana neno. Ni mwanamke, Alice Evans wa Marekani, aliyevikuza vyote viwili pamoja na kuvilinganisha. Mwaka wa 1918 alitangaza kuwa ni ndugu wa karibu sana. Wakubwa wengi wa sayansi walimbeza. Baadaye yeye mwenyewe aliambukizwa katika kazi hiyo, akaugua kwa miaka mingi.

Mnamo 1920 viini hivyo vilipewa ukoo mmoja, Brusela, kwa heshima ya Bruce. Leo ukoo huo una aina nyingi: ya mbuzi na kondoo, ya ng'ombe, ya nguruwe, ya mbwa, hata ya pomboo wa baharini. Ile ya mbuzi ndiyo kali zaidi kwa binadamu.

Kwa hivyo, mama, usimwamini mnyama kwa unene wake. Chemsha maziwa mpaka yafure, yawe ya mbuzi, ya ng'ombe au ya ngamia. Ukitaka mala, chemsha kwanza ndipo ugandishe. Uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa. Mnyama akizaa au akitupa mimba, usishike kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na watoto wakae mbali. Mama mjamzito asiifanye kazi hiyo kabisa, kwa maana ugonjwa huu unaweza kuharibu mimba yake pia.

Dalili zake hufanana na za malaria: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, uchovu. Ikiwa umemeza dawa za malaria na homa inarudi, nenda kituo cha afya upimwe damu. Mweleze daktari kwamba mnafuga, au kwamba mmekunywa maziwa mabichi. Dawa zipo, lakini humezwa kwa majuma kadhaa, kwa kawaida sita. Usiziache nusu kwa kuwa umepata nafuu.