Kikulacho ki Nguoni Mwako: Kuilinda Tarakilishi ya Nyumbani Mjini Garissa

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefanya utafiti Garissa aghalabu huihifadhi kazi yake yote ndani ya tarakilishi moja: tasnifu, picha, na sauti za wazee Wamalakote, Wamunyoyaya au Wasomali alizozirekodi kando ya Mto Tana. Tasnifu yaweza kuandikwa upya. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haiwezi kurekodiwa tena. Kwa sababu hiyo, ulinzi wa tarakilishi si jambo la kuachiwa mafundi pekee. Makala haya yanaeleza jinsi virusi vinavyoingia, mambo mengine yanayoifanya tarakilishi kuwa nzito, na hatua ambazo mwanafunzi anaweza kuzichukua mwenyewe.

Neno virusi ni la kutoholewa. Kiswahili kililipokea katika ngeli ya KI-VI, na hapo ndipo umoja wake, kirusi, ulipopatikana. Katika tarakilishi, kirusi ni programu iliyotungwa makusudi ili ijibandike kwenye faili nyingine na kuenea kila faili hiyo inapofunguliwa. Mnyoo nao huenea bila kusubiri mtu afungue faili yoyote. Mnyoo ulioitwa Conficker, uliozuka Novemba 2008, ulisambaa duniani kupitia mitandao na pia kupitia diski mweko, ambazo wengi huziita flashi.

Flashi ndiyo mlango wa kuangaliwa kwanza. Mwanafunzi huitoa nyumbani akaipeleka saiba, kisha kwenye duka la kuchapisha, kisha ofisini kwa mhadhiri, na jioni huirudisha nyumbani. Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Dalili moja inayojulikana sana ni folda zote kugeuka kuwa njia za mkato. Hapo kirusi huwa kimezificha folda halisi, na kila njia ya mkato inapobonyezwa, kirusi huamshwa. Wengi hudhani data imefutwa, wakaifomati flashi, na hasara ya kweli huanzia hapo, kwani mara nyingi data huwa ingalimo. Linalofaa ni kutozibonyeza njia hizo, kuikagua flashi kwa programu ya kingavirusi, kisha kuiagiza Windows ionyeshe faili zilizofichwa, zikiwemo zile za mfumo, na kuzinakili mahali salama.

Hata hivyo, si kila uzito wa tarakilishi huletwa na virusi. Joto la mchana mjini Garissa huweza kupita nyuzi 35 za sentigredi. Kichakataji kinapopata joto kupita kiasi, hupunguza kasi chenyewe ili kisiungue. Vumbi likiziba feni, au kipakatalishi kikiwekwa juu ya godoro, hali huzidi kuwa mbaya. Kiwekwe juu ya meza ngumu, na feni isafishwe mara kwa mara. Aidha, programu nyingi hujianzisha pindi mashine inapowashwa. Kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtumiaji ataziona na kuzizima asizozihitaji. Vilevile, diski kuu isijazwe pomoni.

Suala la tatu ni usasishaji. Wapo wanaouzima ili kuokoa bando, lakini gharama yake ni kubwa. Mei 2017, programu haramu ya WannaCry ilifunga faili katika nchi takriban 150 na kudai fidia, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo tangu Machi mwaka huo. Ni afadhali masasisho yapakuliwe chuoni penye mtandao wa bure kuliko kuachwa kabisa. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye mashine isiyoweza kupokea Windows 11 anaweza kuhamia Linux, inayopatikana bila malipo. Kingavirusi iwe moja tu, kwa kuwa mbili zikifanya kazi kwa pamoja huzuiana na kuilemea mashine. Ile inayokuja na Windows yenyewe yatosha kwa matumizi ya nyumbani. Programu za wizi nazo ziepukwe, kwani nyingi hubeba virusi ndani yake.

Pamoja na yote hayo, hakuna kinga iliyo kamili. Ngome ya mwisho ni nakala. Kazi muhimu iwe na nakala tatu, katika vifaa viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba, kwa mfano katika hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nakala ichomolewe mara tu kazi inapokwisha, kwa maana programu kama WannaCry hufunga pia faili zilizomo katika diski iliyochomekwa. Mtafiti atokaye kurekodi na anakili sauti hizo siku iyo hiyo, kabla flashi haijaenda popote.