Unapokwenda kukandwa nyayo, tarajia haya

Huduma ya kukanda nyayo, maarufu kama refleksolojia, siku hizi inapatikana katika saluni na vituo vingi vya masaji mijini. Wazazi wanaoshinda wamesimama dukani, darasani au jikoni huifuata ili kupunguza uchovu. Kama hujawahi kwenda, haya ndiyo utakayokutana nayo.

Kwanza utaulizwa kuhusu afya yako: magonjwa, dawa unazotumia, upasuaji na ujauzito. Usipoulizwa, mweleze mkandaji mwenyewe kabla hajakugusa.

Huhitaji kuvua nguo, ni viatu na soksi tu. Miguu ikishasafishwa, utaegemea kitini au kulala chali. Mkandaji atabonyeza nyayo, visigino na vidole vyako, hasa kwa vidole gumba vyake, kwa dakika 30 hadi 60. Sehemu nyingine zitauma kidogo. Ikizidi, mwambie apunguze nguvu. Maumivu makali si dalili kwamba "sumu inatoka".

Huenda ukaona ukutani mchoro wa nyayo wenye majina ya figo, ini na moyo. Michoro hiyo inatokana na kazi ya Mmarekani Eunice Ingham ya miaka ya 1930. Lakini mwaka 2009, Profesa Edzard Ernst wa Uingereza alipitia tafiti 18 na kuhitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba refleksolojia inatibu ugonjwa wowote.

Kwa hiyo, ukibonyezwa na kuambiwa "figo zako zina shida", usiingiwe na hofu wala usikimbilie kununua dawa unazouziwa hapo hapo. Figo hupimwa hospitalini kwa damu na mkojo. Usiache pia vidonge vya presha au kisukari kwa sababu umejisikia mwepesi baada ya kukandwa.

Nani awe mwangalifu?

- Mwenye kisukari, hasa mwenye ganzi au kidonda mguuni. Anaweza kuumizwa asihisi.
- Mjamzito. Azungumze kwanza na mhudumu wake wa kliniki.
- Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Amuulize daktari kwanza.
- Mwenye mguu mmoja uliovimba ghafla, unaouma na wenye joto. Huenda damu imeganda kwenye mshipa, na kipande kikifika kwenye mapafu kinaweza kuua. Asikandwe, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya kukandwa, wengi husikia usingizi na wepesi wa miguu. Hiyo ni faida halali, na kwa mzazi aliyechoka si ndogo.

Kwa watoto, tahadhari iongezeke. Mtoto mwenye homa, anayehema kwa shida au anayekataa kunyonya asipelekwe kukandwa nyayo ili "ashushe homa". Mpeleke kituo cha afya mara moja.