GRADIUS: MCHEZO WENYE HESABU

Katika mdahalo wa muhula huu msemaji mmoja wa upande wa pili alisema kwamba michezo ya televisheni haina hesabu wala fikira ndani yake, ni kubonyeza vitufe tu. Alishangiliwa sana, nasi tukashindwa kwa kura. Kwa kuwa kengele ililia kabla sijamjibu, naomba nafasi katika gazeti letu niwaeleze wasomaji mchezo mmoja tu, Gradius, ambao huucheza wakati wa likizo kwa mjomba.

Mchezo huu ni wa kampuni ya Konami ya Japani. Ulitokea mwaka 1985 katika mashine kubwa za kutumbukizia sarafu, na mwaka 1986 ukatolewa kaseti ya Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo iliyoanza kuuzwa huko Japani mwaka 1983. (Ya mjomba ni ya kuigiza, lakini mchezo ni ule ule.) Mchezaji huendesha chombo cha angani kiitwacho Vic Viper. Nchi yote hupita yenyewe kutoka kulia kwenda kushoto, kama miti ionekanavyo dirishani mwa garimoshi. Maadui hutokea mbele, na kugusa adui au mlima ni kufa.

Basi hesabu iko wapi? Ukimaliza kundi zima la maadui fulani, au ukimpiga adui mwekundu, huachwa kidonge. Chini ya picha pana ubao wa vyumba sita: mwendo, kombora, risasi mbili, leza, kivuli na ngao. Kidonge cha kwanza huwasha chumba cha kwanza, cha pili huhamisha taa hadi chumba cha pili, na kuendelea. Ukibonyeza kitufe wapata kilichowaka, kisha waanza tena mwanzo. Kwa hiyo bei ya mwendo ni kidonge 1, ya leza ni 4, ya ngao ni 6. Nimepiga hesabu ya chombo kilichotimia: mwendo 1, kombora 2, leza 4, vivuli viwili 10, ngao 6; jumla vidonge 23. Je, ukiwa na vinne, uchukue leza sasa, au ungoje kimoja zaidi upate kivuli, huku risasi zinakujia? Swali hilo hujibiwa kwa nukta mbili tatu.

Kivuli nimekiita hivyo kwa kukosa jina jema zaidi. Ni mpira wa moto ufuatao njia ile ile kilikopita chombo, hupiga kila upigapo, wala haudhuriki. Ukisimama, nao husimama. Mchezaji hodari hupanda kisha hushuka kidogo ili vivuli vikae anapotaka. Katika mashine za sarafu vilifika vinne, lakini Famicom ina viwili tu. Si ajabu, maana kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2, na katika mstari mmoja wa picha haiwezi kuchora zaidi ya vipande 8 vinavyotembea. Vikizidi, huchorwa kwa zamu, ndiyo sababu twaviona vikimetameta.

Ukifa hupoteza vyote, ukarudishwa nyuma na chombo kizito kisicho na silaha ila bunduki yake ndogo. Mimi naona huo ni uonevu. Hata Kazuhisa Hashimoto, aliyeuhamishia mchezo kwenye Famicom, aliuona mgumu mno kuujaribia, akatia ufunguo wa siri: usimamishe mchezo, ubonyeze juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na chombo hupata silaha nyingi kwa mara moja. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Ufunguo wake uliingia katika michezo mingine mingi. Katika Contra ya mwaka 1988 hutoa maisha 30.

Bwenini wako wasemao kuutumia ni wizi. Mimi siafiki. Asiyeutumia huenda asifike kamwe hatua ya tatu, penye vichwa vya mawe mfano wa sanamu za Rapa Nui, vinavyotema pete. Vipigwe mdomoni, kwingine risasi hupotea bure.