Kibarua cha Simu: Faida Yake na Hasara Yake

Huenda katika kijiji chako yuko kijana aliyekwenda mjini, naye amepeleka habari nyumbani kwamba amepata kazi: anaendesha pikipiki ya kuitwa kwa simu. Wazazi wakisikia neno kazi hufurahi. Wengine huuza ng'ombe ili wamnunulie pikipiki. Basi yafaa tuijue kazi hii ni ya namna gani, kabla ng'ombe wa pili hajatoka zizini.

Kazi yenyewe ni hivi. Kijana hutia katika simu yake programu ya kampuni, kama Bolt au Uber. Abiria akitaka safari, hubonyeza simu yake. Kampuni humtafuta dereva aliye karibu na kumwonyesha safari hiyo. Akikubali, huenda. Safari ikiisha abiria hulipa nauli, kampuni hupata fungu lake, na mapatano yamekwisha. Hakuna mshahara wa mwezi. Safari ijayo ni mapatano mengine.

Watu husema jambo hili ni jipya. Simu ndiyo mpya, lakini kazi yenyewe ni ya zamani. Neno kibarua maana yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakirudisha wakati wa kupokea ujira wake.

Tazama bandari ya Mombasa. Zamani makuli wengi wa pale walikuwa vibarua wa siku. Mtu aliweza kupakua meli siku chache katika mwezi, na siku nyingine akalima shamba lake. Hiyo ilikuwa faida kubwa, maana hakuwa mtumwa wa saa ya tajiri. Lakini meli zisipokuja hapakuwa na ujira. Makuli waligoma mwaka 1939, na Januari 1947 wafanya kazi wa Mombasa waligoma tena, mji ukasimama. Matajiri nao walikuwa na malalamiko yao: kibarua wa leo siye wa jana, na siku ya meli nyingi watu hawatoshi. Kwa hiyo katika miaka ya 1950 vibarua wa bandarini waliwekwa katika daftari, na asiyefika kazini mara nyingi aliondolewa.

Mambo hayo yote mawili, uhuru wa kibarua na mashaka yake, yamo katika kibarua cha simu.

Faida kwa kijana ni hizi. Kwanza, huanza upesi. Akiwa na leseni na chombo cha kuendesha, hana haja ya kungoja miezi mlangoni pa ofisi. Pili, hupata fedha kila siku. Tatu, huchagua saa zake. Msimu wa mavuno aweza kurudi nyumbani kusaidia, wala haombi ruhusa kwa mtu. Nne, nauli huonekana katika simu kabla ya safari, hivyo ugomvi na abiria hupungua.

Sasa hasara. Petroli ni yake. Tairi, oili, bima na bando la simu ni vyake. Siku akiugua, hakuna wa kumlipa. Nauli haipangi yeye, hupangwa na kampuni. Tena abiria wakimlalamikia, kampuni yaweza kumfungia programu, na asubuhi hana kazi.

Tufanye hesabu, iwe mfano tu wa kutufundisha. Kijana amebeba abiria kutwa, nauli zimefika shilingi 30,000. Kampuni ikikata 20 kwa mia, 6,000 zimekwenda, zimebaki 24,000. Petroli ni 8,000, zimebaki 16,000. Pikipiki si yake, na mwenyewe ataka hesabu ya 8,000 kila siku, zimebaki 8,000. Chakula na bando ni 3,000. Mfukoni zimo 5,000, na hapo hajatoa kodi ya chumba, wala hajaweka akiba ya tairi. Yeye alidhani amepata elfu thelathini!

Je, mwenye kampuni apata faida tupu? La. Ni kweli hanunui pikipiki, wala halipi mtu anayekaa bure. Mwenye duka naye, akiwa na mizigo ya kupeleka siku moja tu katika juma, hana haja ya kuajiri mtu wa mwezi. Lakini dereva asiye na mshahara hana sababu ya kushikamana na tajiri mmoja. Hutia programu mbili au tatu katika simu yake, huchagua safari nono, na safari mbaya huikataa. Mteja hungoja njiani, na anayelaumiwa ni kampuni.

Yaliyotokea Tanzania yatuonyesha jinsi pande hizi zinavyovutana. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iliagiza kwamba fungu la kampuni lisizidi 15 kwa mia ya nauli. Mwezi wa Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma yake nchini. Ilirudi Januari 2023, baada ya kiwango kupandishwa kuwa 25 kwa mia. Fikiri juu ya dereva aliyenunua gari kwa mkopo. Kampuni ilipofunga, deni lake halikufunga.

Huko Uingereza madereva walikwenda mahakamani. Kampuni ilisema hao ni watu wanaojitegemea. Februari 2021 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanya kazi wanaostahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Sababu moja ni kwamba kampuni ndiyo iliyokuwa ikipanga nauli. Anayepanga bei hawezi kusema kazi si yake.

Basi tufanyeje? Kijana, kazi hii si ya kudharauliwa, lakini ingia ukiwa na daftari. Andika mapato na matumizi kila jioni. Weka kando fedha za matengenezo kabla hujanunua kitu kingine. NSSF hupokea michango ya watu waliojiajiri wenyewe, kaulize. Na mkiwa kumi kijiweni, changeni kidogo kidogo, ili mwenzenu akivunjika mguu watoto wake wasilale njaa.

Nawe uliyempa kijana pikipiki kwa hesabu ya siku, wewe pia ni tajiri katika habari hii. Patana naye kwa maandishi mbele ya shahidi. Andikeni nani atanunua tairi, na siku pikipiki ikiwa kwa fundi usidai hesabu, kwa maana naye siku hiyo hakupata kitu.

Wazazi, kijana akipiga simu kutoka mjini, msimwulize amepata kiasi gani. Mwulizeni amebakiwa na kiasi gani. Akijua jibu lake, kazi yake anaijua. Asipojua, mwambieni anunue daftari kwanza, kisha mzungumze habari za ng'ombe.