Kingani Ikawa Fifi: Stima ya Mateka Ziwani Tanganyika

Kwa mkazi wa Oldonyo Sambu, Vita Kuu ya Kwanza iko jirani. Barabara ya Namanga inayopita hapo inaelekea Longido, ambako Waingereza waliwashambulia Wajerumani tarehe 3 Novemba 1914 wakashindwa. Upande wa pili wa nchi, ziwani Tanganyika, vita hiyo hiyo iliacha kisa kinachostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa fizikia.

Kingani ilikuwa stima ndogo ya Wajerumani, tani 45 hivi, iliyoundwa na kiwanda cha Meyer huko Papenburg na baadaye kupelekwa Kigoma kwa reli. Mzinga wake ulikaa omo, ukipiga mbele tu. Adui akija kwa tezi, nahodha hana budi kugeuza chombo kizima.

Kasoro hiyo iliiponza tarehe 26 Desemba 1915. Boti mbili za petroli za Waingereza, Mimi na Toutou, ziliizunguka na kuipiga kutoka nyuma. Boti hizo zilikuwa zimetoka Uingereza hadi Cape Town kwa meli, zikapanda treni hadi Katanga, kisha zikakokotwa kuvuka milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na maksai, katika njia na madaraja yaliyojengwa kwa jasho la Waafrika ambao vitabu vingi havitaji hata majina yao. Pambano lilichukua dakika 11 tu. Nahodha wa Kingani aliuawa, nayo ikasalimu amri huku ikivuja.

Kamanda wa Waingereza hao, Geoffrey Spicer-Simson, aliamuru Kingani izibwe matundu, akaiita HMS Fifi. Omo ukafungwa mzinga mkubwa zaidi, na mzinga wa zamani ukahamishiwa tezi. Upofu wa nyuma ukatibiwa.

Ila dawa hiyo ilikuwa na gharama yake. Tarehe 9 Februari 1916, Fifi ilipoifukuza Hedwig von Wissmann, stima nyingine ya Wajerumani, inasimuliwa kwamba kila ilipofyatua risasi ilisimama. Tupige hesabu. Kombora la kilo 5.7 likitoka kwa mita 670 kwa sekunde, chombo cha tani 45 kinasukumwa nyuma kwa takribani sentimita 8.5 kwa sekunde. Stima inayokwenda mita 3 kwa sekunde haisimami kwa hilo. Hata hivyo, katika mbio ambamo anayefukuza na anayefukuzwa wanakaribiana kasi, upungufu huo ukirudiwa kila risasi unatosha kumwacha mtu nyuma, hasa pale injini inapokula kuni.

Mimi ndiyo iliyookoa jahazi. Ilikuwa nyepesi na ya kasi, ikaikimbilia Hedwig na kuisumbua hadi ikalazimika kugeuka ili mizinga yake imwone adui. Kila mgeuko uliipa Fifi nafasi ya kusogea, hata kombora likaifikia Hedwig penye injini, ikazama.

Ilibaki Graf von Götzen, meli ya Wajerumani ya mita 70 hivi, ambayo Spicer-Simson hakuthubutu kuikabili. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, baada ya kupaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na injini hizo zikafaa tena. Mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba.